Kisigino cha Okur

Mehmet Okur, mchezaji wa mpira wa kikapu mzaliwa wa Yalova, Uturuki, alichaguliwa na Detroit Pistons mwaka 2001 akiwa wa 37 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Vijana 36 waliitwa kabla yake. Mwaka 2004 akawa Mturuki wa kwanza kutwaa ubingwa wa NBA, kisha akahamia Utah Jazz, na huko ndiko alikonikosha hasa: pandikizi la mtu, mita 2.11, ambaye kwa umbo lake angetarajiwa kusukumana chini ya kikapu tu, anarudi nyuma ya mstari wa pointi tatu, ananyanyua mikono bila papara, na wavu unatikisika. Mwaka 2007 akaitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi.

Aprili 2010, katika mechi ya mtoano dhidi ya Denver, kano ya kisigino ikakatika. Miezi michache baadaye Uturuki ikaandaa mashindano ya ubingwa wa dunia wa mpira wa kikapu. Wenzake wa timu ya taifa wakafika fainali jijini Istanbul, wakavishwa medali za fedha. Hilo bado linaniuma: nchi yake nzima ilikuwa ikishangilia, na yeye anauguza mguu.