Feki ni Nini Hasa?

Ukininyang'anya simu pale Archives, narudi nyumbani bila simu. Ukiiga namna nilivyotengeneza dawa, dawa yangu bado ninayo. Nilichopoteza ni nafasi ya kuuza peke yangu, na hiyo ndiyo hataza hulinda, kwa kawaida miaka 20. Sisemi ni vibaya. Utafiti ni ghali, na hakuna anayekula sifa.

Lakini kuna lile neno "feki". Sheria yetu ya bidhaa bandia ya 2008 ilieleza "bandia" kwa upana hivi kwamba hata jenariki, dawa halali inayofanya kazi sawa na ile ya mvumbuzi, ingeweza kukamatwa kama feki. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki ya kuishi, utu na afya inatangulia.

Nakubaliana naye, na sababu yangu ni hii: kidonge cha chaki kinamdanganya mgonjwa. Jenariki haimdanganyi mtu. Imeandikwa jina lake, na inatibu. Ukiyaita yote mawili feki, unamfanya mgonjwa aonekane mnunuzi wa mali ya wizi.

Sasa utaniuliza, tukiiga tu, nani atavumbua? Swali zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kupunguza makali zilizidi dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 Cipla ya India ikawaambia Madaktari Wasio na Mipaka itawauzia kwa dola 350. Mama mboga wa Kisumu asingeweza kulipa hizo 10,000 hata auze kibanda. Hakuwahi kuwa mteja wao. Kumnyima nakala kusingemwongezea mvumbuzi hata ndururu.

Hoja hiyo inanilegea kidogo nikifika kwa mwenye uwezo wa kulipa nusu. Chukua lenacapavir, sindano ya kuzuia virusi inayodungwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 Gilead iliruhusu kampuni 6 kutengeneza jenariki yake kwa nchi 120. Sisi tumo. Brazil haimo, na kuna Wabrazili waliojitolea kudungwa kwenye majaribio yake. Orodha iliandikwa na mwenye hataza.