Nyumba za Wazee Wetu: Amana au Mzigo?

Twaulizwa: aliyerithi nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa, je, ana haki ya kuibomoa ajenge ghorofa za kupangisha?

Wako wasemao kuwa mali ni yake. Kweli ni yake, wala mawe hayaabudiwi. Lakini Sharia haikumwachia mwenye mali amdhuru jirani yake. Ghorofa ndefu kando ya uchochoro mwembamba huziba hewa na nuru za wenziwe, na huchungulia nyua zilizojengwa kwa sitara.

Wako nao wasemao: "Isiguswe kabisa!" Hawa twawauliza: mjane ambaye boriti zake zimeoza, ataishi kwa sifa? Lamu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini sifa hazishiki dari.

Twaonavyo sisi, nyumba haikatai kubadilika. Vyumba vya chini na viwe duka au chuo, maji na umeme vitiwe, bora kuta, baraza na mlango wa nakshi vibaki. Wala kuta za matumbawe zisipigwe lipu ya sementi: chokaa huacha unyevu utoke, sementi huufungia ndani hata ukuta ukaharibika.

Na maadamu faida ya mji ni yetu sote, gharama isiwe ya mmoja. Wenye uwezo na waweke wakfu wa kutengeneza nyumba za wasiojiweza. Kumwambia maskini "Usibomoe," kisha tukamwacha peke yake chini ya ukuta unaoanguka, huko si kuhifadhi, ni dhuluma.