Harimu ya Maji Yasiyoguswa

Bismillahi Rahmani Rahim. Twamhimidi Mwenyezi Mungu na twamsalia Mtume wake na jamaa zake na masahaba zake.

Katika darasa letu la hapa Githurai 45, usiku mmoja baada ya Ishaa, tulikuwa katika mlango wa tohara twasoma hukumu za maji. Kijana mmoja akainua mkono akatuuliza: "Sheikh, wataalamu wataka kupeleka chombo kitoboe barafu ya mwezi mmoja wa mbali, kiingie katika bahari iliyo chini yake. Je, yafaa kuyafungua maji ambayo hapana mtu aliyeyagusa tangu kuumbwa kwake?" Baadhi ya watu walicheka. Mzee mmoja akasema kuwa hayo ni kuvuka mpaka, mambo ya mbinguni hayamhusu mwanadamu. Mwengine akasema ni israfu tupu, na hali sisi hapa twanunua maji kwa madumu kwenye mkokoteni. Tuliomba muhula wa kujibu. Leo twajibu, kwani tumeona suala lile latuhusu sisi zaidi ya alivyodhani muulizaji.

Ama hoja ya mzee wetu, twaiheshimu, lakini hatuikubali. Qurani yatuamrisha mara nyingi kutazama mbingu na ardhi na kuzingatia. Wazee wetu wa pwani walisafiri kwa nyota na kutafuta kibla kwa nyota. Nao ndugu zetu wa Malindi wajua kuwa tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliani lililo baharini katika Ghuba ya Ungwana, kilirushwa chombo kilichoitwa Uhuru, cha kwanza duniani kilichoundwa khasa kwa kutazama miale ya eksirei itokayo mbinguni. Hatukusikia mtu kwamba alitoka katika dini kwa ajili hiyo. Na hoja ya israfu ni kubwa, ila mali ile si yetu, na mwenye mali ndiye atakayeulizwa. Sisi tutaulizwa yetu.

Na tulieleze jambo lenyewe. Sayari ya Mshtarii, ambayo Wazungu waiita Jupiter, ina mwezi uitwao Europa, wenye upana wa kilomita 3,100 hivi, mdogo kidogo kuliko mwezi wetu. Juu yake ni barafu, ambayo wengi wakadiria unene wake kuwa kilomita 15 hadi 25. Chini ya barafu, kwa dalili zenye nguvu, iko bahari ya chumvi yenye maji yapatayo mara mbili ya bahari zetu zote. Chombo kiitwacho Europa Clipper kiliondoka duniani tarehe 14 Oktoba 2024, nacho chatarajiwa kufika huko mwaka 2030. Lakini hicho kitapita karibu tu na kupima, hakitatua. Cha kuzama chini bado kimo katika fikra na majaribio.

Na taabu yake si ndogo. Barafu ile ina baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri na zaidi, na kwa baridi hiyo huwa ngumu kama jiwe. Kuitoboa kwa keekee kwataka mabomba marefu yasiyobebeka safari kama ile. Basi wameona bora chombo chembamba chenye kichwa cha moto, kiyeyushe njia yake na kuzama kwa uzito wake. Mfano wake ulijaribiwa Greenland mwaka 1968, ukashuka zaidi ya mita 1,000. Lakini huko Europa hapana hewa, na barafu ya juu ikipata moto hugeuka mvuke badala ya kuwa maji, moto ukapotea bure. Jua huko ni dhaifu, wala halifiki chini. Kwa hivyo moto hauna budi kutoka katika madini kama plutoniamu. Tena chumvi na mchanga vilivyomo katika barafu haviyeyuki, hujikusanya mbele ya chombo vikawa kama ngao ya kukizuia.

Na kila kikishuka, maji ya nyuma yake huganda tena, kikawa kimefungiwa. Waya wake wa kupelekea habari hubaki umeshikwa na barafu, na barafu yenyewe haikutulia, kwani mvuto wa Mshtarii huikunja na kuipasua. Waya ukikatika, habari zimekatika. Wala hapana nahodha awezaye kukiongoza kutoka hapa, maana habari yachukua zaidi ya nusu saa kufika.

Hizo zote ni taabu za kupita, na huenda zikapatiwa dawa. Taabu inayowashughulisha kuliko zote ni ya tohara. Vijidudu vya duniani vimo katika kila kitu tukishikacho, na baadhi yao hustahamili baridi, ukavu na sumu. Chombo kikizama na vijidudu, hapana wa kukirudia kukitoa, kwani njia imeganda. Basi wamewekeana kanuni kuwa khatari ya kuichafua bahari ile isizidi moja katika 10,000. Na mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 juu ya anga umekataza kuichafua miili ya mbinguni uchafuzi wa kudhuru.

Na si maneno matupu. Chombo kiitwacho Galileo ndicho kilicholeta dalili za bahari ya Europa. Mafuta yake yalipokaribia kwisha, wenyewe waliogopa kisije kikaangukia mwezi ule siku moja, na hakikuwa kimesafishwa kwa kadiri hiyo. Wakakielekeza makusudi ndani ya Mshtarii, kikaangamia tarehe 21 Septemba 2003. Chombo kilicholeta habari ya maji kiliangamizwa kwa kuyahifadhi maji yale yale.

Huenda mwanafunzi wa fiqhi akasema: "Kwani wahofu nini? Sisi twasoma kuwa maji yaliyofika kulateni, yaani kama lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika rangi au tamu au harufu. Itakuwaje bahari nzima?" Twajibu: hukumu ya kulateni ni sahihi katika mlango wake, nao ni mlango wa najisi na udhu. Mlango wa madhara ni mwengine. Tone la mkojo likiingia katika maji mengi huzimuka likapotea. Lakini kidudu hai hakizimuki; kikipata riziki huzaana. Basi wingi wa maji, uliokuwa kinga katika mlango ule, katika mlango huu si kinga. Na kidudu hicho hakibadilishi rangi, wala tamu, wala harufu.

Wala hasara si ya maji peke yake. Warusi walitoboa barafu ya Antaktika mpaka wakafika Ziwa Vostok tarehe 5 Februari 2012, kina cha mita 3,769. Tundu lao walikuwa wamelizuia lisigande kwa mafuta ya taa, na maji ya kwanza waliyoyapata yalichanganyika na mafuta hayo. Wataalamu wakabaki kubishana: vijidudu hivi ni vya ziwa au ni vya tundu? Aingiaye na uchafu wake huishia kuuona uchafu wake, akadhani ameona ajabu.

Sasa, ndugu zetu, na turudi nyumbani. Mahali petu pa darasa pana kisima, alichotutolea mtu mwema kiwe sadaka ya kuendelea. Kilichimbwa kwa mikono, na shimo la choo cha nyumba ya pili halipati hatua kumi na tano kutoka hapo. Sisi tuliliona tangu siku ya kwanza, tukanyamaza, tukiona haya kumvunja moyo mtoaji. Watoto wa chuo wakawa waugua matumbo, nasi twasema ni hali ya hewa. Mpaka maji yalipopelekwa kupimwa, yakakutwa na vijidudu vya choo. Maji yenyewe ni meupe, hayana harufu, na kwa hukumu ya kulateni udhu wake wafaa. Lakini kumnywesha mtoto haifai. Kosa hilo ni letu, na twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Tulipotaka kisima kifungwe kwa kunywa, tuliletewa kauli ya baadhi ya wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, kwamba mtu akichimba shimo la uchafu katika milki yake likaharibu kisima cha jirani, amefanya la makuruhu lakini hakatazwi. Ndiyo, kauli hiyo ipo, wala hatuwadharau waliotusomesha. Lakini wao waliijenga juu ya desturi ya zama zao, wala hawakujua kuwa mtu aweza kuuawa na kitu asichokiona katika maji meupe. Sisi twajua, na kiwanja cha futi 50 kwa 100 leo chabeba ghorofa nne na vyoo vyake. Asli waliyotuwekea maulamaa hao hao ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na kwamba kisima kina harimu yake isiyoingiliwa. Kuishika kauli na kuiacha asli yake ni taqlidi inayoua.

Na hili si la Githurai peke yake. Mji wa Kale wa Mombasa umejengwa juu ya jiwe la matumbawe, nalo lavuja. Maji ya shimo hupata njia ya kwenda kisimani. Lamu wapata maji ya kunywa kutokana na vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujika. Vilima vile ni harimu ya mji mzima, na ajengaye juu yake ameingia katika kisima cha watu.

Basi jibu letu kwa kijana ni hili. Kuyatafuta maji yale kwafaa, na ni katika kuzingatia viumbe vya Mwenyezi Mungu. Kuyafungua hakufai mpaka afunguaye awe na yakini ya tohara yake, kwa kadiri ya uwezo wa mwanadamu, kabla ya kutoboa. Kwani baada ya kutoboa hapana toba iwezayo kuyarudisha. Na ikiwa watu waliogopa kuwachafulia viumbe ambao hawajui hata kama wako, sisi tutajibu nini juu ya watoto tunaowajua kwa majina?

Kisima chetu tumekifunga kwa kunywa. Mtoaji ametukasirikia, na jamaa zake hawaji tena darasani. Twamwambia hapa mbele ya wasomaji: sadaka yako haikukatika. Thawabu yako, inshallah, i katika mtoto aliyezuiliwa kunywa madhara, na mlango u wazi wa kuchimba pengine penye harimu yake.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiki.