WIMBO WA BABA HAUWEZI KUKUOKOA!

Kijana wa Bugarama, unasikiliza nini usiku huu?

Labda umetoka kwenye karasha, vumbi bado liko kichwani, umeweka hedifoni masikioni. Bongo Fleva ikiisha unarudia zile za Remmy Ongala ulizozizoea kwenye redio ya baba. Mzee akizisikia anatabasamu, mnaimba wote. Hata siku ambayo hamsemezani, wimbo unawapatanisha. Hilo ni jambo jema!

Lakini hebu jiulize: wimbo ukiisha, moyoni kinabaki nini?

Daudi alipopiga kinubi, Mfalme Sauli alitulia (1 Samweli 16:23). Sasa soma mbele, 18:10-11. Daudi yuleyule anapiga, na Sauli anamrushia mkuki! Muziki ulimtuliza, lakini moyo haukubadilika.

Mtazame Remmy mwenyewe. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja kutikisa kumbi za Dar es Salaam na Super Matimila. Mwishoni aliokoka, akaacha dansi, akaimba Injili. Alifariki Desemba 2010.

Ndugu yangu, muziki unaweza kuurithi kwa baba. Wokovu haurithiwi! Yesu anakuita wewe. Usiseme kesho, anayeshuka duarani anajua kesho si yake.

Omba sasa hivi: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, unipe moyo mpya. Amina."

Umeomba? Basi leo leo kamwambie baba. Huenda naye anangoja wimbo mpya.