Msingi Ulioota Majani

Somo: Zekaria 4:6–10

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika hadi Kibaha, si ajabu kukuta kiwanja chenye msingi uliozingirwa na majani. Nondo zimeota kutu, mchanga umechukuliwa na mvua. Mwenyewe alinunua kiwanja kwa kujibana, akachimba, akamwaga zege. Kisha ada za watoto zikamwandama, mzazi akaugua kijijini, na fedha ya saruji ikapata njia nyingine. Wapita njia wana neno lao: "Huyu kashindwa." Naye akipita hapo ndani ya daladala, hugeuzia uso upande wa pili.

Yerusalemu nako kulikuwa na msingi wa namna hiyo.

Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli waliuweka msingi wa hekalu katika mwaka wa pili wa kurejea kwao, yapata mwaka 536 kabla ya Kristo, wakiongozwa na liwali Zerubabeli na kuhani mkuu Yoshua. Siku hiyo watu wengi walipiga kelele za furaha. Wazee waliolikumbuka hekalu la Sulemani walilia kwa sauti kuu, hata ikawa vigumu kutenganisha kilio na shangwe (Ezra 3:12–13). Baadaye majirani wakawapinga, kazi ikasimama. Miaka kama 16 ikapita. Watu wakajijengea nyumba zao na kuzipamba kwa mbao, huku wakiambiana kwamba wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika.

Mwaka 520 kabla ya Kristo, Mungu akawainua Hagai na Zekaria. Hagai alianza kuhubiri siku ya kwanza ya mwezi wa sita, na agizo lake halikuwa kubwa: pandeni mlimani, mlete miti. Siku ya 24 ya mwezi huohuo watu walikuwa kazini. Ukimya wa miaka 16 ulivunjwa kwa safari ya kwenda kukata miti.

Zekaria naye akaliendea jeraha lenyewe. Katika maono ya kinara cha dhahabu na mizeituni miwili, Bwana anauliza ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo. Swali hilo liliwagusa wazee waliolia, na wote waliokuwa wakiupita msingi ule na kutikisa kichwa. Udogo wa mwanzo haukuwa kosa. Kilichowalegeza mikono ni dharau, yaani ile tabia ya kuipima hatua ya leo kwa fahari ya jana au kwa nyumba ya jirani.

Kisha inakuja timazi. Andiko linasema kuna furaha timazi inapoonekana mkononi mwa Zerubabeli. Kila fundi uashi anakijua kifaa hicho: kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye uzi, kinachotundikwa ukutani ili kuonyesha kama tofali zinapanda wima. Kina thamani wakati ukuta ungali unapanda. Basi furaha hiyo haikungoja paa wala siku ya kuwekwa wakfu. Mbingu zilifurahi zikimtazama mtu mwenye vumbi mikononi, akipima safu moja kabla ya kuongeza nyingine. Hekalu lilikamilika mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa mfalme Dario, zaidi ya miaka minne tangu kazi irudiwe.

Anayelisoma andiko hili kwa Kiswahili ameshika mkononi matunda ya timazi kama hiyo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai alimzika mkewe Rosina, kisha binti yao mchanga. Hakuiacha kazi. Aliyaokota maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine kutoka vinywani mwa wenyeji, na mwaka 1850 sarufi yake ikachapwa. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Unguja, Askofu Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, alitafsiri kwa miaka mingi hadi alipofariki naye mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1890, wote wawili wakiwa makaburini.

Zerubabeli aliahidiwa kwamba mikono yake iliyoweka msingi ndiyo itakayomaliza. Krapf hakupewa ahadi hiyo. Hata hivyo wote wawili walifanya kazi ya siku kwa siku yake, na Bwana aliyeona mwisho wa mmoja aliuona na wa mwingine. Ndiyo sababu somo hili linatanguliza neno la mstari wa sita, kwamba kazi hii haisimami kwa nguvu za jeshi wala uwezo wa mtu, bali kwa Roho wa Mungu. Anayelishika neno hilo anaweza kufanya kidogo bila aibu.

Biblia ina sura 1,189. Mkristo anayesoma sura moja kila jioni, kabla ya kuzima taa, ataimaliza kwa miaka mitatu na miezi mitatu hivi. Mama muuza mboga anayetaka kurudi shule ya watu wazima anaweza kuanza na daftari moja na nusu saa mchana, wateja wakipungua. Anayetaka kupatana na nduguye aanze kwa kumpigia simu na kumjulia hali, bila kuugusa ugomvi. Aliyeacha maombi kwa mwaka mzima hahitaji kuanza na mkesha. Dakika tano za alfajri zinamtosha wiki hii.

Na yule mwenye kiwanja? Jumamosi hii anaweza kushuka kwenye daladala akiwa na panga, akafyeka majani hadi msingi uonekane, akahesabu tofali ngapi zimebaki nzima. Akimaliza, akae juu ya zege lake na aombe: Bwana, uliyefurahi ulipoiona timazi mkononi mwa Zerubabeli, niondolee aibu ya kuanza tena, unipe nguvu ya safu moja. Amina.