Gesti ya Nungwi na aibu tuliyojivisha

"Bora nibaki nyumbani kuliko kuwalaza wanangu gesti." Kauli hiyo aliitoa mzazi mwenzangu wiki hii, tukiwa nje ya geti la shule tukisubiri watoto watoke. Mazungumzo yalikuwa ya likizo ya Desemba. Mdogo wake alikuwa amemshauri aipeleke familia Nungwi, kaskazini ya Unguja. Akaulizia hoteli ya ufukweni, akatajiwa bei kwa dola, akaghairi. Mzazi mwingine akamwambia mbona kule kijijini, nyuma ya hoteli, zipo gesti nzuri za bei ya kawaida. Hapo ndipo aliposema alivyosema, na wengi wakaitikia kwa kichwa, kana kwamba ametaja jambo lililo wazi. Watoto wakatoka, kila mtu akashika wake, mazungumzo yakaisha. Kwangu hayajaisha.

Hayajaisha kwa sababu nimelala gesti Nungwi, na watu niliowakuta pale hawastahili kusemwa hivyo.

Ukishuka botini katika bandari ya Malindi, Unguja, unatafuta gari namba 116 mjini, unabanana na magunia na ndoo za watu, unapita Mahonda na mashamba yake ya miwa, hadi barabara inapokwisha. Nungwi ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi ambacho katika kizazi kimoja kimezingirwa na hoteli. Wageni wanakipenda kwa sababu ya msingi kabisa: upande ule wa kisiwa maji yakipwa hayaendi mbali. Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, bahari ikishakupwa unaiona kwa mbali, na ufukwe unabaki kwa akina mama na mashamba yao ya mwani. Nungwi na Kendwa unaoga asubuhi, unaoga jioni. Kwa hiyo watu wamejaa. Ukitia mguu mchangani papasi, vijana wanaouzia wageni huduma, wamekufikia: safari ya kisiwa cha Mnemba, jahazi la machweo, kusuka nywele, picha za tingatinga. Muziki wa baa unaanza kabla jua halijazama na hauna haraka ya kuzimwa.

Gesti niliyofikia iko ndani kijijini, hatua chache kutoka msikitini. Ni vyumba vichache vilivyozunguka ua wa mchanga, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye wageni wote tulimwita Bi Mkubwa. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, anakuuliza habari za bahari, anakukaribisha maji ya kunywa, halafu ndipo anatoa daftari. Ni kubwa kama la mahudhurio ya shule, limepigwa mistari kwa kalamu na rula: jina kamili, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Wanandoa anawaomba cheti cha ndoa, bila kupepesa macho na bila ukali. Chumbani mna kitanda cha mbao, chandarua kilichofungwa fundo juu, feni, kandambili chini ya kitanda, kipande cha sabuni bado kwenye karatasi yake. Bafuni mna bomba, na pembeni mna pipa la maji na kopo, kwa sababu bomba huamua lenyewe siku ya kutoa maji. Shuka zilikuwa zimefuliwa hadi zimechuja rangi, na zilikuwa zinanukia jua. Nililipa Sh40,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo.

Chumba cha pili kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nzega, mkoani Tabora, pamoja na mkewe na watoto watatu. Walikuwa wamesafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, wakalala kwa ndugu, wakavuka kwa boti. Hakuna hata mmoja kati ya watoto wale aliyewahi kuona bahari. Mwalimu alikuwa ameweka akiba tangu mwaka uliotangulia, na hesabu yake ilikuwa imeandikwa kwenye daftari dogo la mfukoni, nauli upande huu, chakula upande ule. Gesti ndiyo iliyofanya hesabu ile itimie. Bila chumba cha Bi Mkubwa, familia ile isingefika.

Kijana wao wa kiume, wa darasa la tano, ndiye aliyenikaa moyoni. Wenzake waliporuka majini yeye alikwenda kusimama walipo mafundi wa majahazi. Pale Nungwi vyombo vinajengwa juu ya mchanga wazi, bila uzio, na mpita njia hafukuzwi. Fundi mmoja alikuwa anapiga kalfati: anachukua pamba iliyolowekwa mafuta, anaisokota kwa vidole, anaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kijana akauliza maji yataingia wapi kama pamba ikioza. Fundi akamwangalia, akamwambia, "Njoo hapa, mwanangu." Akampa nyundo, akamshikia patasi, akamwonyesha jinsi sauti inavyobadilika mshono ukishakaza. Mtoto akapiga, akasikiliza, akapiga tena. Baba yake alisimama nyuma yake muda mrefu bila kusema kitu. Darasa la namna hiyo halipatikani Nzega, na wala halipatikani kwenye kiti cha kulalia cha hoteli.

Siku iliyofuata familia hiyohiyo ilikaa chini ya mnazi mbele ya hoteli fulani. Askari wa hoteli akaja, akawaambia pale ni kwa wageni wa hoteli tu. Mwalimu hakubishana. Alikunja mkeka, akabeba chupa ya chai, wakasogea. Mimi nilikasirika na bado nina hasira. Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwekezaji hupewa haki ya kuitumia kwa muda. Upande wa Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Askari anatetea kibarua chake, simlaumu sana. Ninamlaumu aliyemtuma, na ninatulaumu sisi tuliozoea kukunja mikeka.

Usiku ule umeme ukakatika. Feni zikasimama, joto likatutoa sote vyumbani, Bi Mkubwa akatandika mikeka uani na kuleta taa ya sola. Alituletea mikate ya kumimina na chai ya mchaichai, akaanza kusimulia. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wenyeji hawajasahau ulipoharibika: kiza cha takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta. Yeye aliwasha chemli, akateka maji kisimani kwa ndoo, na hakufunga gesti. "Mgeni akishafika mlangoni humwambii rudi," alisema.

Kwenye mikeka ile tulikuwa mimi, familia ya mwalimu, wachuuzi wawili wa vitenge kutoka Tanga, na vijana wawili wa Kizungu waliofika na mabegi makubwa mgongoni. Vijana wale hawakuwa na haya yoyote ya kulala pale. Wamesoma, wana kazi kwao, na wangeweza kulipia chumba cha bei kubwa zaidi, lakini walitaka kukaa muda mrefu wakaona mengi. Nchi nzima tunawasifu watu wa namna hiyo kwamba wanapenda kutembea. Mtanzania akilala chumba kilekile, kwa bei ileile, tunasema amejidhalilisha yeye na watoto wake. Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wenzangu wa getini.

Najua jibu lao. Watasema gesti zina sifa mbaya, na sifa hiyo haikutoka hewani. Zipo gesti zinazokodisha vyumba kwa saa, mlango ukifunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Zipo zenye kunguni, zenye vitasa vibovu, zenye mhudumu anayekutazama kwa jicho la "unajificha na nani." Nakubali, zipo, na hakuna mzazi anayepaswa kumpeleka binti yake huko. Lakini zinaa haikuletwa duniani na bei ya Sh40,000. Inafanyika pia kwenye vyumba vyenye zulia na kiyoyozi, tena kwa utulivu zaidi kwa sababu kule hakuna anayethubutu kuuliza cheti. Tunachokiita uchafu mara nyingi ni umaskini tu wa jengo. Na kadiri watu wenye familia wanavyozikimbia gesti, ndivyo wenye gesti wanavyobaki na wateja wa saa moja. Bi Mkubwa anaweza kukataa wateja hao kwa sababu mwalimu wa Nzega anakuja. Siku mwalimu asipokuja, Bi Mkubwa naye atakuwa na ada za shule za kulipa.

Watakuja wengine na hoja nzito zaidi: mtu wa kipato cha chini ana haja gani ya kutalii? Ale kwanza, ajenge kwanza. Hoja hii ninaisikia zaidi kwa watu walioshiba. Tuzungumze kwa hesabu. Mwaka huu wengi wetu tumechangia harusi, kadi ya watu wawili Sh100,000 au zaidi, tukavaa sare, tukala ukumbini, saa sita usiku tukarudi nyumbani. Sisemi tuache kuchangiana. Huo ndio undugu wetu. Nasema tusidai kwamba fedha ya kutembeza watoto haipo, wakati kadi moja ni zaidi ya malipo ya siku mbili kwa Bi Mkubwa. Mwalimu aliniambia wazi kwamba mwaka ule alikataa kadi kadhaa na kuna ndugu walionuna. Alichagua, na kuchagua huko kulimgharimu heshima mbele ya watu. Kwangu mimi kulimwongezea.

Swali la utalii ni wa nani si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilianzisha katika gazeti la The Standard, wakihoji kujenga hoteli za kigeni katika nchi ya kijamaa, na mjadala ukawa mkali kiasi kwamba Issa Shivji aliuhariri ukawa kitabu mwaka 1973. Leo mambo yamebadilika na hakuna anayebishana kwamba watalii wa nje wanahitajika. Aprili 2022 filamu ya Royal Tour ilizinduliwa New York kuwaita, na wakaja. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, jambo jema, ila dola 150 zikiandikwa kwa shilingi bado zinapita laki tatu na nusu kwa usiku mmoja. Mwalimu habadilishiwi kitu hapo. Tumemwita mgeni ili mwenyeji apone, na mwenyeji anastahili pia kupona kwa kuiona nchi yake angali na nguvu, si kwa kuwapakulia wengine tu.

Na fedha ya gesti nimeiona inakokwenda. Vitumbua vya asubuhi vinapikwa na jirani wa mlango wa tatu. Samaki ananunuliwa mnadani pale ufukweni, mkononi mwa mvuvi. Shuka zinafuliwa na binti wa kijijini, na kijana anayekupakia kwenye bodaboda ni mpwa wake Bi Mkubwa. Sikuona chochote pale kilichosafiri kutoka mbali isipokuwa sisi wageni.

Kwa hiyo nina maombi, na sitayazungusha. Wenye gesti, tengenezeni vitasa, wekeni vyandarua visivyo na matundu, acheni mlango wa pili wa kutokea ukiwa wazi usiku, kwa sababu moto hauulizi bei ya chumba. Anayetaka familia akatae vyumba vya saa moja, na aandike hivyo mlangoni. Kamisheni ya Utalii Zanzibar na halmashauri za pwani upande wa Bara, kagueni gesti hizi kwa nia ya kuzisaidia, kisha chapisheni orodha ya zilizo salama ili baba wa Nzega asisafiri kwa kubahatisha. Wenye hoteli, mwambieni askari wenu kwamba mnazi ule hamkuuotesha nyinyi na bahari ile hamkuijaza.

Nawe mzazi mwenzangu wa getini, Desemba bado haijafika. Piga simu, uliza bei, uliza kama wanapokea watoto, sikiliza wanavyokujibu. Kisha kata tiketi za boti.