Utambulisho wa Ndege Iliyofufuliwa

Ndege ya kivita aina ya Spitfire yenye namba P9374, iliyotua kwa dharura katika ufuo wa Calais, Ufaransa, mwezi Mei 1940 na kumezwa na mchanga hadi ilipoibuka mwaka 1980, iliruka tena mwaka 2011 baada ya mafundi wa Uingereza kubadilisha sehemu nyingi zilizoliwa na chumvi. Hapo huzuka swali la utambulisho, yaani kile kinachokifanya kitu kiendelee kuwa kilekile licha ya mabadiliko, swali ambalo Plutarko, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alilieleza kupitia merikebu ya shujaa Theseus, ambayo mbao zake zilizooza zilikuwa zikibadilishwa na Waathene. Anayeshikilia maada, yaani kile ambacho kitu kimeundwa nacho, ataiita ndege hiyo nakala. Anayetanguliza umbo, yaani mpangilio unaokipa kitu kazi yake, ataikubali, ingawa Spitfire nyingi zilikuwa na umbo hilohilo. Hoja yenye nguvu zaidi ni mwendelezo wa historia, nayo ina gharama yake, kwa kuwa wahifadhi wanaodai kwamba ndege ni ileile hawawezi kurithi ushujaa wake pekee na kukana kwamba iliundwa ili kuua.